Motokaa Isiyokunywa Maji: Habari za Vipuri katika Njia ya Kibombo

Watu wengi wa Maniema waliopita umri wa miaka hamsini waijua sauti ya Volkswagen ya zamani. Injini yake iko nyuma, nayo hainguruma kama injini za motokaa nyingine, bali hupigapiga kama cherehani kubwa. Mbele hapana rejeta, wala asubuhi hapana maji ya kumimina. Mafundi waliieleza kwa maneno machache: hunywa petroli, hunywa oili, maji hainywi, hupozwa na hewa. Yafaa habari zake ziandikwe, maana wazee walioitengeneza wazidi kupungua, na vijana wakiona bodi lake limeota majani nyuma ya misioni au kando ya stesheni hudhani kwamba liliachwa kwa ubovu. Mara nyingi sivyo. Motokaa ilikuwa bado na nguvu, ila ilikosa kipande kimoja, pengine kipande ambacho mtu angeweza kukifumba katika kiganja cha mkono. Kwa hiyo habari za motokaa hizi katika nchi yetu ni hasa habari za vipuri, ama piyesi kama tusemavyo huku, pamoja na njia zilizovileta.

Kibombo ni stesheni katika njia ya reli itokayo Kindu kwenda Kongolo, kilomita mia moja na zaidi kusini ya Kindu. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 355, ilijengwa na kampuni ya C.F.L. iliyoundwa mwaka 1902, nayo ilikwisha mwishoni mwa mwaka 1910. Ilijengwa kwa sababu mto Lualaba katika sehemu hiyo una miamba na maporomoko, na karibu na Kongolo mto hubanwa katika mlango mwembamba ambao Wazungu waliuita Milango ya Jahanamu. Meli haziwezi kupita hapo. Basi mizigo ikashushwa Kindu, ikapanda garimoshi, na Kibombo ikawa kituo kikubwa cha njia.

Sasa tufuate safari ya kifurushi kimoja, kama vile mkanda wa feni au kabureta, kilichoagizwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1950. Kilipakiwa melini Antwerp. Kilishushwa Matadi, kikapanda treni hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Hapo kiliingia katika meli ya mto, kikasafiri zaidi ya kilomita 1700 mpaka Stanleyville, yaani Kisangani. Kutoka Stanleyville kilipanda treni ndogo ya kilomita 125 hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu. Kutoka Ponthierville meli nyingine tena hadi Kindu, na Kindu treni ya C.F.L. hadi Kibombo. Ukihesabu, kimepakuliwa mara sita. Katika kila mahali pa kupakuliwa palikuwa na ghala, karani, kitabu cha mizigo, na mvua. Njia ya mashariki nayo ilikuwapo: Wabelgiji walikuwa na sehemu yao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma tangu mapatano ya mwaka 1921, na mizigo iliweza kupanda reli ya Tanganyika, kuvuka ziwa hadi Albertville, ambayo ni Kalemie ya leo, kisha kufuata reli ya Kabalo na Kongolo. Mwaka 1956 reli ya Katanga ilipounganishwa na Kabalo, ikafunguka njia ya tatu, ile ya kusini. Hata hivyo, kwa njia yoyote, mwenye motokaa Kibombo alihesabu miezi, siku hakuzihesabu.

Wamisionari walikuwa katika watu wa kwanza waliohitaji motokaa sana, wala haikuwa kwa ajili ya fahari. Parokia moja ilikuwa na vijiji vingi vyenye makatekista, na padre aliyeitwa kwa mgonjwa alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au kwa mtumbwi. Huko Ujerumani Padre Paul Schulte wa Shirika la Waoblati, ambaye alikuwa rubani katika Vita Kuu ya kwanza, alipata habari kwamba rafiki yake Padre Otto Fuhrmann amekufa huko Afrika ya Kusini Magharibi kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa daktari. Kwa uchungu huo alianzisha mwaka 1927 chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari motokaa, pikipiki, mashua na ndege. Huyu ndiye padre aliyesoma Misa ya kwanza angani, mwaka 1936, ndani ya ndege kubwa ya gesi iliyoitwa Hindenburg. Lakini kwetu jambo hilo la ajabu ni dogo kuliko pikipiki moja iliyomfikisha padre penye mgonjwa kabla hajakata roho. Chama hicho kiko hata leo katika nchi kadhaa za Ulaya.

Tena Volkswagen yenyewe haikuzaliwa katika nyumba njema. Aliyeisanifu ni Ferdinand Porsche, na jiwe la msingi la kiwanda chake liliwekwa mwaka 1938 na serikali ya Hitler. Wajerumani wa kawaida waliahidiwa motokaa kwa kununua stempu za marki tano kila juma. Watu wapatao 336,000 walilipa, wala hakuna hata mmoja aliyepewa motokaa yake, maana vita vilianza na kiwanda kikatengeneza magari ya jeshi. Baada ya vita ofisa Mwingereza, Meja Ivan Hirst, ndiye aliyekifufua kiwanda katika magofu. Mwezi wa Januari 1948 kilipata mkuu mpya, Heinrich Nordhoff. Bwana huyu alikuwa na kanuni ambayo wafanya biashara wengi hawakuipenda: katika nchi yoyote, kwanza ghala la vipuri na karakana yenye mafundi waliofundishwa, ndipo motokaa ziuzwe. Mimi naona kanuni hiyo iliieneza Volkswagen katika Afrika kuliko uzuri wowote wa injini.

Hata mashindano yalisaidia. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianza mashindano ya motokaa katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari. Volkswagen ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962 katika mikono ya Tommy Fjastad. Watu waliona gari dogo lenye nguvu za farasi 30 au 34 likipita katika tope ambalo magari makubwa yalinasa. Sababu yake si siri. Injini iko juu ya magurudumu yasukumayo, basi uzito wake hukandamiza matairi hayo ardhini. Na chini ni bapa, huteleza juu ya matope kama mtumbwi.

Hapa nataka kukaa kidogo. Matangazo ya biashara ya siku zile yaliisifu motokaa hii kwa maneno ya jangwani: haihitaji maji, kwa hiyo haitakwama Sahara. Maneno hayo ni kweli kwa watu wa Sahara. Lakini Kibombo tuna njaa gani ya maji? Tuna Lualaba na vijito visivyohesabika, na mvua inyeshayo karibu mwaka mzima. Faida kwetu ilikuwa nyingine kabisa. Motokaa ya maji ina rejeta, mipira ya kupitisha maji juu na chini, pampu ya maji, na mashimo ya maji ndani ya chuma cha injini. Ukimimina maji ya mto yenye matope, rejeta huziba. Mipira hupasuka kwa joto. Pampu huvuja. Vyote hivyo lazima viagizwe, na tumekwisha kuiona safari ya kifurushi kimoja. Volkswagen haikuwa na hata kimoja cha vitu hivyo. Ilipunguza orodha ya mambo yawezayo kuharibika, na kwa mtu akaaye mwisho wa njia ndefu hiyo ilikuwa neema kubwa kuliko nguvu za farasi.

Neema ya pili ilikuwa katika silinda. Katika motokaa nyingi za maji, silinda zote nne huchongwa katika bonge moja la chuma. Zikilika, bonge lote hupelekwa kwenye mashine ya kuchonga, na mashine hiyo haikuwa Kibombo. Katika Volkswagen kila silinda ni chungu chake peke yake, chenye mapezi ya kutawanya joto. Fundi hufungua kichwa cha injini, huvuta silinda iliyolika pamoja na pistoni yake, hutia mpya. Kazi hiyo yaweza kufanyika chini ya mwembe, kwa spana za kawaida na uvumilivu. Na injini nzima yashikwa katika gari kwa bolti nne tu. Watu wawili wenye nguvu huishusha na kuivuta nje. Mafundi wa misioni, ambao wengi wao walijifunza kazi kwa kuwasaidia Mabruda na hawakupata kuingia chuo chochote, waliijua injini hii kama mama aijuavyo jiko lake.

Lakini isidhaniwe kwamba ilikuwa injini ya kuchezea. Hewa haiji yenyewe. Yasukumwa na feni, na feni yazungushwa na mkanda mmoja wa mpira, mkanda uleule uzungushao jenereta. Mkanda ukikatika, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Katika motokaa nyingine taa hiyo maana yake ni betri tu. Katika hii maana yake simama papo hapo, la sivyo injini yaungua katika dakika chache. Madereva wangapi waliidharau! Vilevile injini imezungukwa na mabati membamba na ukanda wa mpira pembeni, vitu ambavyo mtu asiyejua huviona kama mapambo. Kazi yake ni kutenga hewa ya baridi na hewa ya moto. Fundi mvivu akishusha injini, akaona mabati yamsumbua, akayaacha nje, basi feni huivuta tena hewa ileile ya moto, na injini hujichemsha yenyewe. Pia kibaridisho cha oili katika injini za kwanza kilisimama ndani ya njia ya hewa ya silinda ya tatu. Ndiyo maana vali ya moshi ya silinda hiyo ilivunjika mara nyingi kuliko nyingine, mpaka kiwanda kilipokihamisha kibaridisho katika modeli ya mwaka 1971. Oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu, tena ndiyo ichukuayo sehemu kubwa ya joto. Asiyeibadili kwa wakati wake hana haki ya kulaumu Wajerumani.

Kwa hiyo kila misioni yenye akili ilikuwa na sanduku. Ndani yake mikanda miwili au mitatu, plagi, platini za kuwashia moto pamoja na kondensa yake, gasketi, vali, waya wa klachi na waya wa petroli, pengine silinda mbili na pistoni zake zimepakwa grisi na kufungwa katika karatasi. Ufunguo wa sanduku ulikaa kwa padre mkuu au kwa Bruda, na kitu kilipotolewa kiliandikwa katika daftari, na barua ya kuagiza kingine ikaondoka kwa treni ya kwanza.

Barua hiyo ilitaka uangalifu. Ile injini ya nguvu 30 iliyotumika tangu mwaka 1954 ilifuatwa mwaka 1960 na injini mpya ya nguvu 34. Kwa kuzitazama zafanana kama mapacha, lakini ndani vipande vingi haviingiliani. Barua iliyosema tu "tuleteeni pistoni za Volkswagen" bila kutaja nambari iliyopigwa katika chuma cha injini yaweza kuleta, baada ya miezi mitano, pistoni nzuri sana zisizofaa kitu. Vilevile umeme ulikuwa wa volti 6, kisha mnamo mwaka 1967 volti 12 zikaja katika nchi nyingi. Balbu, betri, mota ya kuwashia, vyote vikageuka. Ila mambo mengi mengine hayakugeuka, na hapo ndipo palipokuwa na busara ya kiwanda hicho. Mzee wa kazi aliweza kuvunja motokaa mbili zilizokufa za miaka mbalimbali akapata moja iliyo hai.

Ndipo ikaja miaka ya taabu. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na vita vikafuata upesi. Tarehe 1 Januari 1962 mapadre na wamisionari 20 wa Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo, mwisho wa reli yetu. Mwaka 1964, mwezi wa Julai, Wasimba waliingia Kindu. Mwezi wa Novemba jeshi la serikali likatoka Kongolo, likapita Kibombo, likaingia Kindu tarehe 5. Wenye silaha, wa upande huu na wa upande ule, walichukua motokaa walizozikuta. Dereva wa vita hapimi oili. Motokaa iliyotunzwa miaka minane ilimalizwa katika majuma mawili, ikaachwa njiani na vijana wakaivunja vioo. Wala haistahili kuililia kuliko watu waliokufa. Naitaja kwa sababu tangu hapo masanduku yale ya vipuri mengi yalifunguliwa kwa nguvu, na vilivyokuwamo vikatawanyika.

Hata hivyo vita havikuiua Volkswagen katika Maniema. Baada yake njia zilifunguka tena, na wafanya biashara wakarudi. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja kwa kalamu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitiwe mikononi mwa raia wa Zaire. Neno lilipendeza masikioni, maana kweli biashara kubwa ilikuwa imeshikwa na Wabelgiji, Wagiriki, Wareno na Wahindi. Lakini wengi waliopewa maduka walikuwa wakubwa wa chama na rafiki zao, wasiojua biashara. Waliuza vilivyokuwa rafuni, wakala fedha, wala hawakuandika barua ya kuagiza vingine. Tena nani Ulaya angempa mali kwa mkopo mtu asiyemjua? Duka la nguo likiwa tupu watu huvaa viraka. Duka la vipuri likiwa tupu, motokaa husimama, na pamoja nayo husimama dawa, chumvi, na mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Mwaka 1976 serikali ilikubali kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali zao, lakini wengi walikuwa wamekwisha kwenda na hawakurudi. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikuwa vimeifunga reli ya Lobito, barabara zikaanza kumezwa na msitu, na madaraja ya magogo yakaoza bila kubadilishwa.

Ndipo ufundi wa watu wetu ulipoonekana. Gasketi zikakatwa kwa katoni iliyolowekwa oili. Mpira wa ndani wa tairi ukakatwa vipande na kuwa mkanda wa feni wa siku moja. Waya wa breki ya baiskeli ukawa waya wa petroli. Silinda moja ikiwa imekwisha kabisa, injini iliendeshwa kwa tatu. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini tusiisifu mno mpaka tusahau kwamba hakuna mtu aliyeichagua. Mkanda wa mpira wa ndani huteleza, injini hupata moto, vali huvunjika, na baada ya hapo hakuna katoni iwezayo kusaidia.

Kisha vita vya mwaka 1996 na 1997, na vile vilivyoanza 1998, vilimaliza yaliyobaki. Kindu ilitekwa mwezi wa Oktoba 1998, na treni zikasimama. Kwa miaka sita hivi Kibombo iliona reli bila garimoshi, majani yakiota kati ya mataruma. Mizigo ilibebwa kichwani na juu ya baiskeli zilizosukumwa na vijana kwa mamia ya kilomita. Treni kutoka Lubumbashi ilifika tena Kindu mwaka 2004.

Huko duniani kiwanda nacho kilikuwa kinafunga hesabu. Katika Ujerumani motokaa ndogo ya kawaida ya namna hii ilikoma kutengenezwa mwaka 1978. Mexico iliendelea mpaka tarehe 30 Julai 2003, na ya mwisho ilikuwa nambari 21,529,464. Brazil iliendelea kutia injini ya kupozwa na hewa katika Kombi mpaka mwisho wa mwaka 2005. Na hapa kuna jambo la kuchekesha: leo, baada ya kiwanda kukoma, vipuri ni rahisi kupata kuliko mwaka 1980, kwa sababu watu wa Ulaya na Marekani wamezigeuza motokaa hizi kuwa vitu vya kupenda. Wazitengeneza upya, wazipaka rangi, wazipeleka kwenye maonyesho siku ya Jumapili. Kwa ajili yao viwanda vya Brazil, Ujerumani, China na kwingineko vyaendelea kutoa silinda, vali, mabati ya injini, hata kanda za mpira za milango. Nairobi nako wako wapenzi wa motokaa hizi.

Parokia yenye bodi zima na injini iliyokwama yaweza kuifufua, kama ina fedha na fundi. Aanze kwa kusoma nambari ya injini na kuiandika. Kisha ashike gurudumu kubwa la mkanda nyuma ya injini, alivute na kulisukuma. Likicheza mbele na nyuma kwa kiasi cha kuonekana wazi, mhimili umekula makao yake, na hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine, si ya chini ya mwembe. Likiwa imara, yaliyobaki ni vipuri vya kununua. Ahesabu mabati yote kabla ya kuagiza pistoni, maana mabati husahauliwa. Ajihadhari na vali za bei ndogo mno: vali ya moshi ikikatika kichwa, kichwa hicho huanguka ndani ya silinda na kuvunja pistoni, na fedha iliyookolewa hulipwa mara tano.

Lakini ukisimama leo katika soko la Kindu, au penye stesheni ya Kibombo siku ifikapo treni, chombo utakachokiona ni pikipiki: pikipiki nyepesi kutoka China na India, zenye mama na mtoto nyuma, au mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge kwa dereva asianguke. Tazama injini yake. Silinda ni moja, yenye mapezi, bila rejeta, bila maji. Ringi, plagi, mnyororo na waya za klachi zatundikwa kwenye vibanda pamoja na sabuni na betri za tochi, na muuzaji, kijana wa miaka ishirini, huuliza kwanza: ya namna gani, na nambari yake ngapi?